Kipele cha Mtoto: cha Kusubiri, cha Kesho Asubuhi na cha Kukimbia Nacho Usiku Huu

Mtoto wa miezi minane ameamka na vipele shingoni na kifuani. Bibi anasema ni harara, jirani anasema ni surua, na muuza duka la dawa anatoa krimu bila hata kumvua mtoto shati. Wote watatu wanahangaika na swali moja: ni ugonjwa gani huu? Swali hilo ni gumu. Hata daktari wa ngozi mara nyingine halijibu mpaka akwangue unga wa ngozi na kuutazama kwa hadubini. Linalomfaa mzazi ni jingine, jepesi zaidi: nina muda gani? Yako matatizo ya ngozi yanayohesabiwa kwa saa, yako ya siku, yako ya wiki. Jina la ugonjwa linaweza kungoja, muda haungoji.

Muda huo husomwa kwa mtoto kabla ya kusomwa kwenye kipele chenyewe. Mtoto aliyejaa vipele mwili mzima lakini ananyonya, anacheka na kuvuta hereni za mama yake ana unafuu mkubwa kuliko aliye na vidoa vinne tu mguuni, lakini amelegea na hataki ziwa.

Kwanza mtoto, halafu ngozi

Katika zahanati, mhudumu anayefuata mwongozo wa watoto chini ya miaka mitano huanza na dalili nne za hatari: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea mno au haamshiki. Moja tu ikiwepo, safari ni sasa hivi, awe na vipele asiwe navyo.

Ya tano unaweza kuipima mwenyewe nyumbani, nayo ni kupumua. Mtoto akiwa ametulia au amelala, mfunue kifua na uhesabu pumzi kwa dakika nzima ukiangalia saa ya simu. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka mno. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne. Mtoto mchanga hupumua kwa mawimbi, anaharakisha kisha anatulia kidogo, na hesabu fupi itakudanganya. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, acha kuhesabu, ondoka.

Watoto wa chini ya miezi miwili wana sheria yao. Kinga yao bado changa, na kijidudu kilichoingilia kwenye kipele au kitovu kinaweza kufika kwenye damu ndani ya siku moja. Kwa hiyo kipele chochote chenye usaha kwa mtoto wa umri huo kionwe siku hiyohiyo, hata kama ananyonya vizuri. Vikiwa vingi, au kikiwa jipu, au ngozi inayozunguka kitovu imevimba na kuwa ya moto, ni hospitali moja kwa moja. Joto la kwapani likifika nyuzi 37.5, au likishuka chini ya 35.5, vilevile. Wengi huogopa homa na kusahau ubaridi, ilhali kichanga mwenye maambukizi makali mara nyingi hupoa badala ya kuchemka. Malengelenge ya maji viganjani na nyayoni kwa mtoto wa siku chache nayo si ya kukaa nayo nyumbani, kwani yanaweza kuwa dalili ya kaswende aliyoipata tumboni, na hutibika kwa penisilini ikigunduliwa mapema.

Hata hivyo, si kila kitu kwenye ngozi ya kichanga ni balaa. Kuna vidoa vyenye nukta nyeupe katikati vinavyotokea siku ya kwanza hadi ya tatu, vinahamahama mwilini na kwisha vyenyewe katika wiki moja au mbili. Kuna vijilengelenge ambavyo watoto weusi wengine huzaliwa navyo. Hupasuka na kuacha vidoa vyeusi vyenye kijigamba pembeni, na vidoa hivyo hufifia kwa wiki au miezi. Kuna chembe nyeupe puani mithili ya punje za uwele. Na kuna baka la bluu au kijivu mgongoni na matakoni, ambalo kwa kawaida hufifia kabla ya umri wa shule. Mwombe nesi aliandike kwenye kadi ya kliniki, lisije siku moja likadhaniwa ni alama ya kipigo. Shida ni kwamba nukta nyeupe isiyo na madhara na kipele cha usaha hufanana, na mzazi hawezi kulaumiwa kwa kutovitofautisha. Ukiwa na shaka kwa mtoto wa umri huo, acha mhudumu aangalie.

Wekundu usioonekana

Maelezo mengi ya magonjwa ya ngozi yaliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Ndiyo maana kila karatasi inasema "tafuta wekundu". Kwa mtoto mweusi wekundu huo huonekana kama zambarau, kahawia iliyokoza au kijivu, na wakati mwingine hauonekani kabisa. Mzazi anayesubiri kuona rangi nyekundu anaweza kusubiri mpaka ugonjwa uwe umekwenda mbali.

Basi tumia mkono pamoja na jicho. Mpeleke mtoto mlangoni au dirishani penye mwanga wa mchana. Taa ya njano ya chumbani huficha mengi. Mvue nguo zote, na pampasi pia. Pitisha mgongo wa kiganja chako juu ya sehemu yenye tatizo, kisha juu ya sehemu ileile ya upande wa pili. Joto zaidi, ugumu, uvimbe au mtoto kulia ukigusa vinaeleza zaidi kuliko rangi. Surua kwa mtoto mweusi mara nyingi hugunduliwa kwa kupapasa: uso na shingo huwa kama msasa laini, na baada ya siku kadhaa ngozi hukoza na kutoa magamba. Umanjano utafutwe kwenye weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Ukifika viganjani na nyayoni kwa kichanga, au ukianza ndani ya saa 24 za kwanza za maisha, ni dharura.

Kipimo kimoja kila nyumba inaweza kukifanya ni cha glasi. Chukua glasi ya kioo isiyo na rangi, bonyeza ubavu wake juu ya kidoa na utazame kupitia kioo. Kipele cha kawaida hufifia, maana damu iliyo ndani ya mishipa inasukumwa pembeni. Kidoa kisichofifia ni damu iliyokwisha kuvuja nje ya mshipa. Kwa ngozi nyeusi fanya kipimo hiki viganjani na nyayoni, kisha angalia ndani ya kope la chini na kwenye paa la kinywa, ambako rangi haifichi. Vidoa visivyofifia pamoja na homa vinaweza kuwa bakteria wa uti wa mgongo walioingia kwenye damu, na hapo tunahesabu saa, si siku. Bila homa, bado ni safari ya siku hiyohiyo: huenda chembe za kugandisha damu zimepungua. Lakini glasi isikutulize kupita kiasi. Mwanzoni mwa ugonjwa huo vidoa vinaweza kufifia kama vipele vingine, kwa hiyo mtoto mwenye homa aliyelegea aende hospitali hata kama glasi imesema hakuna kitu.

Yanayohesabiwa kwa saa

Mtoto aliyekuwa anatumia dawa mpya, kisha akatoka mabaka yanayouma, macho yakawa mekundu na midomo ikachubuka, anaweza kuwa ameungua na dawa kutoka ndani. Mara nyingi hutokea kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu aanze dawa, ndiyo maana wazazi hawaunganishi mambo hayo mawili. Dawa zinazojulikana zaidi kwa hili ni septrini na nyingine za salfa, zikiwemo SP za malaria, dawa za kifafa kama fenobabitoni na kabamazepini, na nevirapini, dawa ya VVU. Usimpe dozi inayofuata kabla hajaonwa, na nenda na pakiti yake mkononi. Usiende na jina la dawa kichwani tu.

Mabaka yaliyovimba yanayowasha na kuhamahama, yanayotokea ghafla baada ya karanga, yai, mdudu au sindano, peke yake si hatari sana. Yakiambatana na midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kukoroma kwa kifua, kutapika au kuzimia, hakuna cha kusubiri hata dakika kumi.

Uvimbe wa moto unaosambaa una hila yake rahisi: chora mstari kwa kalamu ya wino kuuzunguka ukingo wake na uandike saa. Ukivuka mstari kabla ya asubuhi, au mtoto akipata homa, bakteria wanasafiri chini ya ngozi. Ukiwa kwenye kope la jicho na mtoto ana homa, usichore kitu, nenda. Vivyo hivyo ngozi inayochubuka kama iliyomwagiwa maji ya moto na mtoto analia ukimshika. Na mtoto mwenye pumu ya ngozi (ukurutu) ambaye ghafla ametoka vidonda vidogo vya duara vilivyochimbika, vinavyolingana, na ana homa. Hicho cha mwisho ni kirusi cha malengelenge ya mdomoni kilichopata njia kwenye ngozi iliyochanika, na huhitaji dawa ya kirusi. Krimu haitoshi.

Kuungua kwa moto au maji kuna kitu kimoja cha kufanya mara moja: maji safi ya bomba au ya ndoo yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, huku mwili uliobaki umefunikwa asipoe. Barafu, dawa ya meno, yai, asali ya kujipakia na kinyesi cha ng'ombe vyote huongeza kazi kwa atakayemtibu. Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 ya mwili wake. Jeraha linalozidi hapo, au lililo usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo, ni la hospitali.

Liko na jingine ambalo wengi hulipaka mafuta kwa wiki nzima: ngozi ya miguu na mapaja inayokoza, kupasuka na kubanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, kwa mtoto aliyeachishwa ziwa anayekula uji mtupu. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa mguu, si kwenye unyayo, miguu yote miwili, kwa sekunde tatu. Shimo likibaki pande zote mbili, ni utapiamlo mkali, na hilo halina krimu duniani. Apelekwe siku hiyohiyo.

Yanayohesabiwa kwa siku

Vidonda vya puani, mdomoni na miguuni vinavyotoa majimaji kisha kuganda ukoko wa rangi ya asali husababishwa na bakteria, na huambukiza kwa kushikana na kwa taulo. Vikiwa vitatu au vinne, lowanisha ukoko kwa maji vuguvugu na sabuni hadi ulegee, uondoe taratibu, kisha paka dawa ya bakteria uliyoelekezwa. Dawa inayopakwa juu ya ukoko haifiki ilipo kazi. Vikiwa vingi, vikisambaa, au mtoto ana homa, anahitaji dawa ya kunywa. Ndani ya siku mbili hadi tatu lazima uone kukauka; usipoona, rudi. Na hata vikipona, kwa wiki kadhaa baadaye angalia uso wa mtoto asubuhi na mkojo wake. Kope zilizovimba na mkojo wa rangi ya chai ya rangi au ya kola ni figo zinazolalamika, kwani baadhi ya bakteria hao huacha athari huko.

Upele, ule wenyewe wa kuambukizana, ndio unaopotezewa pesa nyingi zaidi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na jina hilo linaufaa. Mdudu wake ni mdogo kuliko punje ya chumvi, anachimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo. Kwa mtu mzima huonekana katikati ya vidole, kiunoni na kifundoni. Kwa mtoto mchanga hutoka hadi viganjani, nyayoni, usoni na kichwani, ndiyo maana hudhaniwa ni kitu kingine. Dalili mbili humfichua: muwasho unaozidi usiku, na zaidi ya mtu mmoja nyumbani anayejikuna.

Mara nyingi tiba hushindwa kwa sababu tatu, na dawa yenyewe si mojawapo. Ya kwanza, anatibiwa mtoto peke yake. Mwili huchukua wiki nne hadi sita kuanza kuwashwa mara ya kwanza, kwa hiyo baba asiyejikuna huenda tayari anao na atamrudishia mtoto. Wote wanaolala nyumba hiyo wapakwe usiku mmoja. Ya pili, dawa inapakwa penye vipele tu. Ipakwe kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, chini ya kucha, katikati ya matako, na kwa mtoto mdogo hata kichwani na usoni, ukiepuka macho na mdomo. Krimu ya pemetrini ya asilimia 5 hutumika kuanzia miezi 2, hukaa saa 8 hadi 12, na hurudiwa baada ya siku 7 hadi 14, maana mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. BBE, ile losheni nyeupe yenye harufu kali, ni bei nafuu lakini ni kali kwa ngozi ya mtoto. Huchanganywa na maji, na kwa mtoto wa chini ya miaka 2 huchanganywa zaidi na kuachwa muda mfupi zaidi. Kiwango hicho akupangie mhudumu kulingana na umri. Vidonge vya ivamektini havipewi mtoto wa chini ya kilo 15. Ya tatu, familia inakata tamaa mapema. Muwasho huendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu wote kufa, kwa sababu mwili bado unapambana na mabaki yao. Wengi hupaka tena na tena kila siku, ngozi inababuka, na sasa mtoto ana tatizo la pili. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na visivyofulika vifungwe kwenye mfuko wa plastiki siku tatu. Mdudu huyu hawezi kuishi muda zaidi ya huo bila binadamu.

Kwa surua, vipele hutanguliwa na siku tatu au nne za homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha huanzia nyuma ya masikio na usoni na kushuka chini. Kinachoua ni nimonia, kuharisha na upungufu wa vitamini A unaopofusha macho. Vipele vyenyewe haviui. Kwa hiyo kila mtoto mwenye surua aonwe, apewe vitamini A leo na kesho. Mpigie simu mhudumu kabla ya kuingia kwenye foleni ya watoto wengine, maana anaambukiza siku nne kabla ya vipele na siku nne baada. Chanjo ni katika miezi 9 na 18, Tanzania na Kenya. Kwenye kadi angalia zote mbili, si moja.

Tetekuwanga hutoka kwa mafungu: leo madoa, kesho malengelenge, keshokutwa ukoko, na vyote huonekana pamoja. Mtoto mwenye afya akatwe kucha, apewe parasetamoli kwa uzito wake, na asipewe aspirini kamwe wala ibuprofeni. Kichanga, au mtoto mwenye VVU au anayetumia dawa za kushusha kinga, aonwe mara moja. Na yeyote ambaye homa imerudi baada ya kuisha au lengelenge moja limekuwa la moto na kuuma. Vipele vya ukubwa mmoja, vigumu, vyenye kitovu katikati, usoni na viganjani, pamoja na mitoki, vinaweza kuwa mpox, ugonjwa uliotangazwa dharura ya kimataifa Agosti 2024 baada ya kusambaa kutoka Kongo kwenda Burundi na majirani. Huyo asibebwe mgongoni ngozi kwa ngozi. Afunikwe, na kituo kijulishwe.

Yanayohesabiwa kwa wiki

Pumu ya ngozi, au ukurutu, haiishi kwa ziara moja, na mzazi anayeambiwa hivyo mapema huokoa fedha nyingi za kuzunguka hospitali. Kwa wachanga hukaa mashavuni, baadaye kwenye mikunjo ya viwiko na magoti. Kwa watoto weusi mara nyingi huwa vinundu vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na ngozi huwa nene na nyeusi badala ya nyekundu. Kazi kubwa ni mafuta. Bafu la maji vuguvugu dakika tano hadi kumi, bila dodoki na bila sabuni ya dawa, kausha kwa kugusagusa, na ndani ya dakika tatu paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Kwa mwili mzima wa mtoto kopo la gramu 250 linaweza kwisha kwa wiki moja, na kikopo kidogo kinachodumu mwezi ni ushahidi kwamba hapakwi vya kutosha. Krimu ya haidrokotisoni asilimia 1, ukielekezwa, hupimwa kwa kidole: mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza ni nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Panga kwenda kwa daktari kama wiki mbili za uangalizi huu hazijabadili kitu, kama mtoto halali, au ngozi imelowa na kutoa ukoko.

Mapunye ya kichwani, yanayoitwa pia mashilingi, hayaponi kwa krimu. Fangasi wamo ndani ya unywele, krimu haiwafikii. Huhitajika dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili ifyonzwe. Kichwa kikivimba na kuwa tepetepe kama jipu na nywele kung'oka, usikubali kipasuliwe haraka. Huenda ni fangasi wenyewe, na kisu huacha kipara cha kudumu.

Vipele vya pampasi ni rahisi. Vikiwa kwenye sehemu zilizotuna na kuacha mikunjo, ni mkojo na unyevu: hewa, maji matupu, mafuta ya zinki. Vikiingia ndani ya mikunjo na kuwa na vidoa pembeni, ni fangasi, na bila dawa yake havitoki. Siku tatu bila nafuu, aonwe. Harara nayo huisha mtoto akipunguziwa nguo na kupata upepo, na unga wa poda huzidisha kwa kuziba vinyweleo.

Baka jeupe shavuni, lenye unga, kwa mtoto wa miaka mitatu au zaidi, mara nyingi ni ukavu tu. Lakini baka jeupe lisilohisi kitu mtoto akiguswa kwa uzi wa pamba macho yakiwa yamefumbwa, lionwe kwa ajili ya ukoma, ugonjwa ambao bado upo katika maeneo yetu na tiba yake hutolewa bure. Na kivimbe chekundu cha kuzaliwa kinachokua haraka katika wiki za kwanza, hasa karibu na jicho, puani au mdomoni, kisingoje miezi: kasi yake kubwa ni kati ya wiki ya tano na ya saba, na mtoto akionwa akiwa na mwezi mmoja dawa hufanya kazi vizuri zaidi.

Krimu tatu kwa moja

Inayoharibu zaidi ni ile tyubu ya bei ndogo inayouzwa kwa kila kipele, yenye betamethasoni, klotrimazoli na jentamaisini kwa pamoja. Muuzaji anaipenda kwa sababu inaonekana kufanya kazi: muwasho unakata siku ya pili. Kinachokata muwasho ni betamethasoni, ambayo huzima mapambano ya mwili huku fangasi au wadudu wa upele wakiendelea kuzaana kwa utulivu. Ukiacha, inarudi kwa nguvu na imebadilika sura, na daktari atakayeona baadaye atahangaika kuitambua. Chini ya pampasi ni mbaya zaidi, maana plastiki hufungia dawa na ngozi ya mtoto huinyonya hadi kwenye damu. Usoni huacha ngozi nyembamba na vipele vipya. Kama mtoto ameshapakwa, taja jina la krimu hiyo na ni siku ngapi, bila aibu. Ni habari muhimu.

Vivyo hivyo dawa ya zambarau. Ina kazi yake, lakini mtoto aliyepakwa asubuhi ya safari anamwachia daktari rangi tu ya kutazama. Badala yake piga picha kwa simu tangu siku ya kwanza, mchana, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili, kila siku saa ileile. Pumu ya ngozi na mabaka ya mzio vina tabia ya kutoweka siku ya kliniki. Chukua kadi, pakiti za dawa zote pamoja na za kienyeji, na jua nani mwingine nyumbani anawashwa. Ukifika, mvue mtoto mwenyewe kabla hujaombwa, na uliza jambo moja ambalo halimo kwenye karatasi: nikiona nini, na baada ya siku ngapi, nijue dawa hii imeshindwa?

Baada ya yote kupona, hubaki alama nyeusi au nyeupe, hasa kwa watoto wetu, na zinaweza kukaa miezi kadhaa. Ikiwa ngozi ni laini, haiwashi, haina unga wala ukingo unaosogea, ugonjwa umekwisha na kilichobaki ni rangi. Hairejeshwi na krimu ya kung'arisha, ambayo mara nyingi ina zebaki au betamethasoni ileile. Inarudi yenyewe.